Shajara ya STI: bloku ya EJ20, krenki ya milimita 79, na kutafuta pistoni na konrodi zenye kuvumilia

11 Januari

Gari imekufa mlimani Kitonga. Naandika hii usiku nikiwa Iringa, mikono bado inanuka oili. Tulikuwa tunakuja msibani mimi na shemeji, na ile Subaru Impreza STI ya 2004, toleo la GDB. Tulijaza mafuta kituo kimoja njiani baada ya kupita Mikumi, na kuanzia hapo kila nikikanyaga nikawa nasikia kwa mbali kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo, nikajiambia ntaangalia tukifika. Kwenye zile kona malori yamepangana, nikapata upenyo wa kuovateki, gia ya tatu, tabo (ile feni inayoisukumia injini hewa) imejaa, ule mlio ukaja kwa nguvu sekunde mbili tatu alafu nguvu ikapotea yote. Nyuma moshi wa bluu. Nafungua boneti nakuta stiki ya oili imejitoa yenyewe, bloku inapumua. Hapo nikajua ni pistoni, sikuhitaji kuambiwa na mtu.

17 Januari

Gari imerudi Dar juu ya roli. Tumepima kompresheni: silinda ya 1 ina psi 135, ya 2 ina 138, ya 3 ina 130, ya 4 ina 55. Fundi wangu akatia oili kidogo kwenye tundu la plagi ya namba 4 tukapima tena, ikapanda kidogo tu. Ilivyogoma kupanda ikawa dalili mbaya, maana ringi, zile duara za chuma zinazoziba kati ya pistoni na silinda, zikiwa zimechoka tu oili huwa inaziba na namba inapanda sana.

23 Januari

Injini iko chini, bloku imepasuliwa nusu mbili. Pistoni namba 4, ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umevunjika, kimetoka kipande kama ukucha wa kidole gumba, kikasuguana na silinda mpaka kuna mfereji unaushika kwa kucha. Beringi ya konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya hiyo hiyo namba 4 imeanza kuonyesha shaba, yani uso wake umelika. Pistoni nyingine tatu ukiziangalia haraka ni nzima, ila namba 2 ina ufa mwembamba kama unywele sehemu ile ile, tumeuona baada ya kuosha na petroli na kumulika tochi pembeni.

Niandike vizuri kilichotokea, maana kila nitakachonunua kinatokana na hapa. Mafuta yakiwa ya oktani ndogo, yani yasiyovumilia mgandamizo, alafu injini ni ya tabo na iko kwenye mzigo mkubwa, yale yaliyobaki pembeni ya silinda yanalipuka yenyewe bila kusubiri moto wa plagi uyafikie. Wimbi lake linapiga kichwa cha pistoni kama nyundo, na pale ukingoni kwenye ringi ndipo pembamba zaidi. Pistoni ya kiwandani ni ya kusubu, aluminiamu iliyomiminwa kwenye kalibu, ina silikoni nyingi. Ni nzuri, kimya, haitanuki sana, inakwenda miaka, ila ni ule ugumu wa kukatika ghafla, ukiipiga nyundo haibonyei, inamegeka. Na kwenye hizi boksa za Subaru, injini ambazo silinda zimelala pande mbili, namba 4 ndio inajulikana kutangulia.

Sikasiriki na waliotengeneza. Nilisikia ule mlio kutoka Mikumi na sikusimama.

26 Januari

Uamuzi mkubwa: bloku inabaki hii hii ya EJ207, yani EJ20 ya lita 2 iliyokuja na gari, ila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, tunaweka ya EJ257, ya ile injini ya lita 2.5.

Hesabu yake iko hivi. EJ20 ina silinda ya milimita 92 na pistoni inasafiri milimita 75, jumla cc 1,994. Krenki ya EJ257 inaipeleka pistoni milimita 79. Silinda yangu imechanika kwaiyo lazima tuchonge kwenda 92.5, na 92.5 kwa 79 kwa silinda nne inakupa cc 2,123. Watu wanaiita mbili nukta moja. Sio ongezeko la kutisha lakini tabo inaamka mapema, na kwenye foleni ya Ubungo au ukiwa unapandisha mlima na mizigo utaona tofauti chini kule kabla boosti, yani presha ya tabo, haijaja.

Shemeji kaniuliza kwanini nisitafute bloku nzima ya 2.5 yaishe. Jibu langu ni ukuta. Bloku zote za EJ umbali wa kati kwa kati wa silinda jirani ni milimita 113. Silinda ya 2.5 ni milimita 99.5, inabaki 13.5 katikati kwa ajili ya kuta mbili na maji. Ya kwangu hata ikishachongwa 92.5 inabaki 20.5. Hizo milimita saba ni chuma na nafasi ya maji, na kwa joto la huku kwetu nazitaka.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia ukinunua krenki: beringi inayozuia krenki isitembee mbele nyuma. EJ20 za zamani inakaa shingo ya 3 (shingo ni sehemu ya krenki inayozungukia ndani ya beringi), hizi za karibuni inakaa shingo ya 5, usipolinganisha krenki na bloku haiingii. Yangu ni ya 5 kwa 5.

1 Februari

Krenki imepatikana, imetoka Sharjah, ni used. Tumeipima kwa maikromita shingo zote, za konrodi zipo kwenye milimita 52 bila kupungua, hakuna mkwaruzo. Kuna mtu alitaka tuichonge kidogo "kuisafisha" nikakataa kabisa. Hii krenki uso wake umegumishwa kwa naitrojeni, hilo tabaka ni jembamba sana, ukichonga umelitoa na umebaki na chuma laini. Imepigwa polishi tu.

8 Februari. Konrodi

Leo nimekaa na kalkuleta karibu usiku mzima, na nafikiri ndio usiku wenye faida kuliko yote kwenye huu mradi.

Kila mtu anadhani konrodi inavunjwa na nguvu ya mlipuko. Mlipuko unaikandamiza, na chuma kukandamizwa kinavumilia sana. Kinachoichana konrodi ni kuvutwa, pale pistoni imefika juu mwisho kwenye pigo la kutoa moshi, hakuna mgandamizo wa kuipokea juu, krenki inaivuta irudi chini, na kinachoshikilia ule mzigo wote ni bolti mbili.

Chukua pistoni, pini inayoishika kwenye konrodi, ringi na sehemu ya juu ya konrodi, sema jumla nusu kilo. Kwa krenki ya 75 kwenye mizunguko 8,000, ambayo ndio mwisho wa kiwandani kwa hizi za Japani, ile nusu kilo pale juu inavuta kama tani 1.73. Ukiweka krenki ya 79 mizunguko ile ile inakuwa tani 1.84. Ukishusha mwisho mpaka 7,200 inakuwa tani 1.49, yani umeongeza safari ya pistoni na bado bolti zinabeba mzigo mdogo kuliko za kiwandani. Sababu ni kwamba safari ikiongezeka mzigo unaongezeka pole pole, ila mizunguko ikiongezeka mzigo unaongezeka kwa mraba. Kwaiyo nimeshaandika ukutani gereji: 7,200, sio zaidi. Torki ya chini ndio nilikuwa naitafuta, huko juu sina biashara nako.

Urefu wa konrodi unabaki 130.5 kama ya kiwandani. Uwiano wa konrodi na safari ulikuwa 1.74 sasa unakuwa 1.65, maana yake konrodi inalala zaidi na inasukuma pistoni ubavuni kwenye ukuta wa silinda zaidi kidogo. Hii nitaikumbuka nikifika kwenye sketi ya pistoni, yani ubavu wake wa chini unaosugua silinda.

Umbo: ukiikata konrodi katikati, kuna za H na kuna za I. Watu wanabishana sana hapa mimi naona kwa nguvu nayotaka, farasi 350 hivi, zote mbili zinatosha na zinabaki. Muhimu ni chuma chenyewe, aina ya 4340 iliyofuliwa kipande kimoja, na bolti. Konrodi za aluminiamu sizitaki kabisa kwenye gari ya barabarani, aluminiamu inachoka kwa kila mzunguko hata mzigo ukiwa mdogo, hizo ni za mashindano ya kunyooka ambako injini inafunguliwa kila mara.

Sasa bolti. Konrodi nyingi nzuri zinakuja na bolti za kampuni ya ARP, aina ya ARP 2000, na ukiongeza hela unapata aina ya L19 ambazo ni kali zaidi, 2000 inabeba psi 220,000 kabla ya kukatika na L19 ni 260,000. Nilikuwa karibu nilipie L19. Alafu nikasoma maelezo ya watengenezaji wenyewe mpaka chini: L19 haipatani na unyevu. Ukiishika na mkono wenye jasho, ikikaa bila oili, haidrojeni inaingia ndani ya chuma, bolti inakuja kukatika siku moja bila dalili yoyote. Sasa mimi niko Dar es Salaam. Ukiacha spana nyeupe mezani Ijumaa, Jumatatu ina kutu. Gereji yetu haina mlango upande wa baharini, na mwezi wa pili jasho linadondoka hata umekaa. Bolti yenye nguvu kubwa kwenye karatasi, mahali hapa, ni bolti dhaifu. ARP 2000, imeisha hiyo.

10 Februari

Nimepita Gerezani, duka moja kuna konrodi za H ziko kwenye boksi zuri, nusu ya bei. Nikaomba kuzishika. Bolti zina herufi za ARP lakini zimechorwa juu juu kama kwa leza ya bei rahisi, bolti mbili za konrodi moja kichwa kimoja kirefu kuliko kingine, ukikipitishia kidole utasikia. Nimezirudisha na kuondoka. Konrodi ikikatika haiharibiki konrodi peke yake, inatoboa bloku, inakunja krenki, inamwaga oili kwenye tairi zako ukiwa kwenye spidi. Bora nisubiri.

15 Februari. Pistoni

Hii imenichukua mda mrefu kuliko yote na nimebadili mawazo mara mbili.

Kwanza vipimo, maana hapa ndipo watu wanaingia mkenge. Krenki ya 79 inapandisha pistoni milimita 2 juu zaidi ya ile ya 75, nusu ya zile 4 zilizoongezeka. Ukiweka pistoni ya kawaida ya EJ20 itachungulia nje ya bloku milimita 2 na kugonga hedi, ile sehemu inayofunika silinda. Kwaiyo lazima pistoni ambayo tundu la pini limesogezwa juu milimita 2 kuelekea kichwani. Hizo zinatengenezwa, kampuni kama Manley, JE, Wiseco na CP wote wanafanya pistoni za Subaru, ila lazima uandike kwenye oda silinda ngapi, safari ngapi, konrodi ngapi, pini ngapi. Pini yangu ni milimita 23. Na pini ikishapanda juu nafasi ya kupanga ringi inapungua, kwaiyo nilikuwa naangalia michoro ya kila moja ni wapi wameiba hiyo nafasi. Wengine wanaisogeza ringi ya kwanza karibu na kichwa, na hapo ndipo ya kwangu ilimegeka. Nimetafuta ile ambayo wameacha ukuta wa juu mnene.

Sasa aloi. Pistoni za foji, yani zilizofuliwa kwa kupondwa na presi, ziko za aina mbili kuu: 4032 na 2618. 4032 ina silikoni karibu asilimia 12, haitanuki sana ikipata joto, kwaiyo unaifunga na nafasi ndogo kwenye silinda, inakuwa kimya asubuhi na sketi yake haiishi haraka. 2618 karibu haina silikoni, inatanuka zaidi, inataka nafasi kubwa, ikiwa ya baridi inagonga gonga ukuta mpaka ipate moto, na kwa kuwa ni laini inalika mapema zaidi. Ila ikipigwa na ule mlipuko wa mafuta mabaya inabonyea, haimegeki.

Fundi wangu alikuwa upande wa 4032 na hoja yake nzito: hii ni gari ya kwenda nayo kazini, unataka ikae miaka kumi, chukua inayodumu. Nilikubali. Nilikuwa tayari nishajaza fomu ya oda.

Ijumaa nikaenda kwa mzee wa mashine, yule anayetuchongea bloku, nimpe vipimo aandae.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hebu nione hiyo iliyovunjika."

Akaishika pistoni namba 4, akaigeuza, akapitisha dole pale palipomegeka. Akaniuliza gari inaenda wapi. Nikamwambia kazini, Tabata mpaka Posta, na mkoani mara tatu nne kwa mwaka.

"Na mafuta unaweka wapi ukiwa mkoani?"

"Popote nitakapoyakuta mzee."

"Haya. Hii haikuisha kwa kulika. Sketi yake bado ina alama za kiwandani, angalia. Sasa wewe unataka kununua dawa ya kulika."

Nimekaa na hilo neno siku nzima. Kweli kabisa, pistoni yenye kilomita nyingi vile, sketi bado safi. Kilichoiua ni sekunde tatu. Alafu nikafikiria ubaya wa 2618 mmoja mmoja. Kugonga asubuhi: huko kwenye baridi kali injini inaamka kwenye nyuzi sifuri, hapa inaamka kwenye 27 au 28, mda wa kugonga ni mfupi sana. Kulika: mimi natembea kama kilomita elfu tisa kwa mwaka, na sketi zinakuja zimepakwa koti jeusi la kupunguza msuguano, hata ikidumu nusu ya 4032 bado ni miaka mingi. Kinachobaki ni vumbi, na hilo dawa yake ni fita ya hewa nzuri inayobadilishwa kwa wakati, sio aloi.

Nimechana ile fomu. 2618, 92.5, uwiano wa kompresheni 8.5 kwa 1, pini za ukuta mnene. Fundi wangu hajafurahi ila ameelewa, na nampa heshima yake, kwa gari inayokaa Nairobi au Johannesburg na kuwekwa mafuta mazuri kituo kile kile kila wiki, 4032 ningeichukua mimi mwenyewe.

17 Februari

Oda imelipwa. Pistoni na konrodi sehemu moja, Marekani, zinakuja kwa ndege. Beringi nazo. Sitaandika mpaka zifike.

15 Machi

Zimefika, ushuru umeuma. Nimepima kila kitu kabla ya kufurahi. Pistoni nne zimepishana gramu 1 na nusu kutoka nyepesi mpaka nzito. Konrodi zimepishana gramu 1 jumla, na nimepima pia ncha kwa ncha, upande mkubwa peke yake na mdogo peke yake, maana unaweza kuwa na konrodi mbili zenye uzito sawa lakini moja uzito wote uko chini, na hiyo itatikisa injini.

Bolti zote zimekaa kwenye mfuko wake na oili mpaka siku ya kufunga.

22 Machi

Mzee yuko kwenye saumu, tunafanya kazi asubuhi mapema kabla jua halijawa kali na saa nane tunaacha.

Kuchonga bloku ya boksa kuna siri moja. Hii bloku ni aluminiamu yenye silinda za chuma ndani, ukifunga hedi na kutaiti bolti zake silinda zinavutwa, duara linakuwa yai kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Kama umechonga bila mzigo, siku ya kufunga hedi duara lako limepotea na ringi hazikai sawa. Kwaiyo unafunga toki pleti, bamba nene la chuma linalokaa mahali pa hedi, unataiti kama hedi, ndio unachonga na kuhoni, yani kusugua ukuta wa silinda kwa mawe mpaka ufike kipimo. Mzee hakuwa na ya Subaru. Tumechongesha bamba la milimita 50 wenyewe na limetuchukua wiki nzima, na sijutii hata saa moja ya hiyo wiki.

Karatasi iliyokuja na pistoni inatoa kiwango cha nafasi, tumelenga 0.085 ya milimita. Kila silinda imehoniwa kwa pistoni yake mwenyewe, tumeandika namba kwa kalamu. Matokeo: 0.085, 0.085, 0.083, 0.086. Kwa pistoni ya kiwandani nafasi kama hii ungesema injini imechoka, hapa ndio inavyotakiwa. Tena mzee kanisimulia ya jirani yake aliyefunga 2618 kwa vipimo vya kitabu cha gari, ikapata moto, ikatanuka, ikashika silinda kabla hata ya kutoka getini.

29 Machi

Ringi. Zinakuja ndefu, unazikata mwenyewe kwa mashine ndogo ya mkono, unaingiza silindani, unapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Kwa tabo mwanya unakuwa mkubwa kuliko injini ya kawaida, ncha zikikutana zikiwa za moto zinasukumana na kuvunja ule ule ukuta niliokuwa naukimbia. Ya kwanza nimeweka milimita 0.46, ya pili 0.51. Ya pili kubwa kidogo ili moshi uliopenya usinase katikati ukainyanyua ya kwanza. Ringi nane za juu, kila moja naingiza natoa naingiza, kuanzia asubuhi mpaka adhana ya alasiri.

12 Aprili

Mvua za masika, gereji imejaa maji mlangoni, nimeahirisha kufunga. Sitaki bolti zangu wazi kwenye unyevu huu. Nimetumia mda kusafisha: bloku imeoshwa kwa maji moto na sabuni ya unga mara tatu, mpaka kitambaa cheupe kikipitishwa ndani ya silinda kinatoka cheupe. Vumbi la kuhoni ndilo linaloua beringi mpya nyingi watu wakadhani ni oili pampu.

3 Mei

Siku tatu kavu mfululizo. Tumefunga.

Konrodi kwanza kwenye krenki, mezani. Bolti sikuzitaiti kwa toki renchi peke yake, nimepima kurefuka kwake. Bolti ni kama springi, ukiitaiti inarefuka, na urefu ulioongezeka ndio unaokwambia inashika kwa nguvu kiasi gani, toki renchi inaweza kudanganywa na oili au uchafu kwenye nyuzi. Unapima urefu ikiwa huru, unataiti, unapima tena, unataka kati ya 0.14 na 0.15 ya milimita kwa hizi za inchi 3/8, kama karatasi yake inavyosema. Nane zote nimeandika urefu wa mwanzo kwenye daftari, siku nikifungua injini tena nitapima zikiwa huru, iliyobaki ndefu inatupwa.

Nafasi ya beringi za konrodi imetoka 0.048 mpaka 0.051. Naridhika, kwa oili ya 5W-40 na joto hili.

Alafu ndio lile jambo la Subaru ambalo fundi wa injini za kunyooka akiliona mara ya kwanza anashangaa. Nusu mbili za bloku zinafungwa pamoja krenki na konrodi zikiwa tayari ndani, pistoni zinaingizwa baadae kutoka nje, na pini unaisukuma kupitia matundu maalum, mbele kwa namba 1 na 2, nyuma kwa namba 3 na 4. Unachungulia kwa tochi, unazungusha krenki pole pole mpaka tundu la pistoni, la konrodi na la bloku yawe mstari mmoja, unasukuma pini, alafu unaweka sakilipu, kile kiringi cha kuzuia pini isitoke, kwa koleo refu. Ikikuponyoka ikaanguka ndani unapasua bloku upya. Tumefunga kitambaa kila penye uwazi. Ya namba 3 imetuchukua dakika arobaini. Zote nne zimelia "tak" zikikaa kwenye mfereji wake, na kila moja nimeizungusha kwa ncha ya bisibisi kuhakikisha imekaa kweli.

17 Mei

Imewaka. Kabla ya kuwasha tumechomoa plagi na kuzungusha kwa stata mpaka geji ya oili ikapanda. Ilipowaka kulikuwa na kugonga kwepesi, tik tik tik, nikaangalia saa: dakika mbili na nusu ikapotea kabisa. Mtu aliyekuwa anapita aliniambia injini yako ina kasoro, nikamwambia subiri, akasubiri, akasikia inanyamaza.

Kontrol boksi, kompyuta ya injini, imewekewa ramani ya muda, yani mpangilio wa mafuta na cheche, boosti ndogo, mwisho 5,000 kwa sasa.

14 Juni

Kilomita 1,200. Oili ya madini ya kulainisha imemwagwa mara tatu, kwenye kilomita 50, 300 na 1,000. Kila mara naikata fita ya oili kwa msumeno, naikunjua karatasi yake juani. Ya kwanza ilikuwa na unga mwingi unaong'aa, ya pili kidogo, ya tatu vidoa unavyoweza kuvihesabu na hakuna hata kimoja kinachovutwa na sumaku.

Kompresheni: 146, 148, 145, 147.

Nguvu ya mizunguko ya chini imebadilika kweli. Kutoka mataa ya Buguruni gia ya pili haulizi, inaondoka. Tabo inaanza kusukuma mapema kuliko zamani, sijapima kwa mashine bado kwaiyo sitaandika namba.

5 Julai

Mwanzo wa ramani ya kweli. Tumefunga kipaza sauti kwenye bloku, kile cha kusikiliza milipuko ya mapema kwa hedifoni, maana sensa ya gari peke yake siitegemei tena baada ya Kitonga. Tumepanga ramani mbili kwenye kontrol boksi: moja ya mafuta ninayoyajua ya mjini, nyingine ya mkoani, boosti imeshuka na taimingi, yani wakati wa cheche ya plagi, imerudishwa nyuma digrii kadhaa, unabadilisha kwa swichi karibu na usukani. Pistoni zinavumilia, lakini sitaki nijue zinavumilia kiasi gani.

Oili imepungua kama robo lita kwa kilomita 1,500 za mwisho. Kwa nafasi ya 0.085 nilitarajia kitu kama hicho, ila nataka nione kama inaendelea kushuka ringi zikizidi kukaa. Nimeweka alama ya kalamu nyekundu kwenye stiki na napima kila Jumapili asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa pale pale kwenye sakafu ya usawa. Jumapili ijayo ni ya nne.